Nguo Nyeupe za Mgombea

Mwaka ule vyama vingi vilipoingia, pale mtaani Pasiansi, kando ya ziwa, kila mwenye koo alikuwa mwanasiasa, na Luhende fundi baiskeli naye akajitosa kugombea udiwani. Siku ya kuamkia hotuba yake ya kwanza maishani, hofu ilimshika. Akaipeleka hofu yake kwenye benchi la kahawa, kwa Nestory, aliyeitwa Askofu kwa sababu aliacha seminari na kutoka na Kilatini kitupu, na kwa Odero, muuza vichwa vya sangara.

— Askofu, kesho nisemeje watu wanisikie?

— Kusema baadaye. Waingereza wanamwita mgombea kandideti. Neno la Kilatini hilo. Maana yake aliyevaa nyeupe.

— Acha fiksi! Odero akadakia.

— Haki ya Mungu! Mgombea wa Roma alivaa joho jeupe pe, akalipaka chaki liwake zaidi.

— Kumbe ndiyo maana huku tunashindwa! Odero akasema. Tunagombea na suruali za kaki.

— Na kura? Luhende akauliza, roho ikianza kumrudia.

— Waingereza wanaiita voti. Kilatini hicho hicho. Maana yake nadhiri.

— Mama yangu! Odero akaweka kikombe chini. — Basi ukila kura ya mtu ukamdanganya, umevunja nadhiri, unaota upele mwili mzima!

Wakacheka mpaka muuza kahawa akamimina nje ya kikombe. Luhende alijiona yuko jukwaani, mweupe kuanzia kofia hadi viatu, akapata raha ya ajabu.

— Chaki tutatoa wapi?

— Chaki ya nini na unga wa muhogo upo? Odero akasema. — Tunakupaka mwili mzima.

— Mvua ikinyesha?

— Unakuwa ugali, wapiga kura wanakula!

Hapo akatokea Mama Getruda, mtu mzima wa mtaa ule, ndoo kichwani, akitoka ziwani.

— Shikamoo mama!

— Marahaba. Mnacheka nini?

Wakamweleza yote, Warumi na unga wao. Alisikiliza bila kuitua ndoo.

— Vizuri. Sasa mwanangu, hizo nyeupe utazifulia maji gani? Bomba letu halijatoa hata tone tangu Pasaka, na ziwa lile pale tunaliona.

Askofu akainamia kahawa yake. Luhende akasimama, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuogopa.

— Mama, kesho njoo uwanjani uniulize hilo hilo, mbele ya watu wote.

— Na ukikosa jibu?

— Usinipe kura.

Mama Getruda akacheka, akamtwisha ndoo.

— Basi anza na hii. Kwangu ni kule juu mlimani.