Fundi Venant Mafuru na Sanduku la Evelina

Venant Mafuru, ambaye leo Alhamisi tarehe 12 Agosti 1999 tumemvusha kwa meli na kumrudisha nyumbani Bukongo, Ukerewe, alizaliwa papa hapa tarehe 9 Machi 1954. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Petro Mafuru na Mama Wilhelmina, wote marehemu, na kaka wa pekee wa Paskazia, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu.

Alisoma shule ya msingi hapa Nansio kuanzia mwaka 1962 hadi 1968. Akiwa darasa la sita aliifungua redio ya baba yake, na mzee aliporudi kutoka shambani akaikuta imetandazwa mkekani vipandevipande. Hakumpiga. Alimwambia tu kwamba taarifa ya habari ni saa kumi. Saa kumi redio ilizungumza, ingawa skrubu mbili zilibaki. Mzee alizionyesha kwa kila mgeni.

Mwaka 1972 alihitimu ufundi wa umeme Mwanza mjini, akaajiriwa katika kiwanda cha kuchambua pamba. Alikaa hapo miaka ishirini na mmoja, hadi wafanyakazi walipopunguzwa mwaka 1993. Alirudi nyumbani na boksi lake la bisibisi. Siku ya nne alifungua kibanda cha kutengeneza redio na televisheni pale Mabatini, Mwanza. Ndiyo miaka ambayo mitumba ya kila namna ilikuwa ikiingia nchini, na hakukosa kazi.

Tarehe 17 Novemba 1979 alifunga ndoa na Dorotea katika kanisa la hapa Nansio. Walijaliwa watoto watatu: Jonathan, Modesta na Evelina. Evelina alipokuwa na miaka minne aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipona, lakini hakusikia tena.

Mwaka 1997 marehemu aliitwa katika ofisi moja mjini kutengeneza nyaya, akafuatana na Evelina. Kwenye kompyuta ya karani kulikuwa na mchezo unaoitwa pinboli, gololi ya chuma inayoteremka kwenye kioo na kugongagonga vinguzo. Mtoto hakutaka kuondoka. Kompyuta hiyo ilipochakaa na kutupwa, marehemu aliiomba. Rafiki yake Antoni, seremala, akamtengenezea sanduku lenye miguu minne, na ndani yake wakakilaza kioo kikitazama juu. Vibonyezo vya kengele za mlangoni viliwekwa ubavuni, kimoja kila upande.

Evelina alicheza siku mbili, akaacha. Baba yake alielewa. Watoto wengine walikuwa wakisikia gololi inavyogonga. Yeye aliona tu kitu kinachopita.

Basi akaanza upya. Juu ya kioo, pale vinguzo vinapomulika, alibandika vijicho vya kuhisi mwanga alivyovitoa kwenye taa mbovu za kiwandani. Kijicho kikiona mwanga, kiliamsha relei, yaani swichi inayojiwasha kwa umeme. Relei ikaamsha solenoidi ya stata ya gari, kama kinyundo cha umeme, ikapiga ubao kwa ndani. Taa za indiketa zikawaka pembeni, na mota ya waipa ikatikisa sanduku zima gololi ilipopotea. Vyote hivyo vilikula betri ya gari iliyokaa chini. Siku ya kwanza Evelina alipoweka viganja vyake ubaoni, alicheka kwa sauti, kisha akaushika mkono wa baba yake na kuuweka hapo ili naye asikie. Tangu hapo alikuwa akitoka shule saa tisa na kwenda moja kwa moja kwenye sanduku.

Mwezi Mei 1998 Evelina alifika kibandani akiwa na homa. Marehemu alikuwa akiunga waya wa taa kwa risasi ya kuyeyusha, akamwonyesha kwa ishara asubiri amalize. Mtoto akalaza shavu juu ya sanduku, akasubiri. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Alifariki baada ya siku mbili, akiwa na miaka kumi na miwili, na tukamzika hapa.

Mwezi Agosti mwaka huo sanduku lilianza kugonga lenyewe. Kompyuta ilikuwa imezimwa, kibandani hapakuwa na mtu, na ilikuwa saa tisa alasiri. Haikupita siku ya jua bila kugonga. Padri alikuja akaomba. Ndugu walisema waliyosema. Marehemu alifungua sanduku, akapitia waya mmoja mmoja, akamwambia mkewe haoni kosa. Dorotea alivumilia mwezi mmoja, kisha akahamia kwa dada yake Mirongo.

Mwezi Machi mwaka huu madaktari walimkuta marehemu na moyo uliotanuka. Paskazia alikwenda kumuuguza, na siku moja mwezi Juni marehemu akamwambia:

"Dada, kosa nililiona siku ya tatu. Kuna waya umechubuka kwenye kona ya bati lililo ndani ya sanduku. Joto la mchana likitanua bati, linaugusa, ubao unapigwa."

Paskazia alimuuliza kwa nini hakuufunga kwa utepe.

"Nilimwambia mtoto asubiri," alisema. "Nitamfungaje tena?"

Alimwomba dada yake akamweleze Dorotea. Paskazia alikataa, akaenda Mirongo kumleta Dorotea asikie kwa mumewe mwenyewe. Dorotea alisikiliza hadi mwisho, akataka kuuona huo waya. Marehemu alishikilia ukuta, akafika kibandani, akafungua mfuniko.

"Miezi kumi, Baba Jonathan," Dorotea alisema. "Miezi kumi umeniacha niamini mwanangu hajapumzika."

Marehemu alirudisha mfuniko. Dorotea akaendelea:

"Ungeniambia. Ningekaa na wewe tumsubiri."

Dorotea ameomba isemwe hapa kwamba hakumsamehe siku ile. Alirudi Mirongo. Baada ya wiki moja alikuja na mfuko wake wa nguo. Utepe wa kufungia waya ulikuwa mezani, na hakuna aliyeugusa. Tangu siku hiyo, ikifika saa tisa, walikaa kwenye viti viwili kibandani na viganja vyao juu ya ubao.

Hali ya marehemu ilibadilika mwanzoni mwa mwezi huu. Alifariki nyumbani kwake Mabatini Jumanne tarehe 10, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Jumanne hiyo jua lilikuwa kali, na jana pia. Jonathan ameipima betri, imejaa. Waya uko vilevile, haujafungwa. Saa tisa zote mbili Dorotea alikaa kibandani na waombolezaji, viganja ubaoni. Sanduku halikugonga.

Marehemu ameacha mjane, Dorotea, watoto wawili, Jonathan na Modesta, mjukuu mmoja, na dada yake, Paskazia. Alitanguliwa na wazazi wake na binti yake Evelina, na analazwa ubavuni kwa Evelina kama alivyoagiza.

Mungu ampokee fundi wetu, na pumziko lake liwe la amani.