Udongo wa Kwanza ni wa Elvire

Funga huo mlango, Aline, baridi inaingia, halafu weka hiyo simu mbali uje ukae hapa miguuni pangu ninapokuona. Elvire, niinue kidogo, mto uko chini mno. Hapo, basi. Vénérand, wewe kama hutaki kukaa simama hapo hapo dirishani, lakini usitoke, maana nesi akija na dawa ya mchana nitalala, na nikiamka sijui kama nitakuwa bado na sauti hii. Nasema Kiswahili leo, si Kirundi, kwa sababu Cheryl yuko humu ndani na Cheryl ni Mkenya, na maneno yangu yanamhusu kama yanavyowahusu ninyi, kwa hiyo mtu asininong'oneze kwamba haya ni mambo ya familia. Najua ni ya familia, nami ndiye niliyemwita.

Wanangu, ninakufa. Msinikatize na hicho Kiingereza chenu cha kuniambia nitapona; daktari amesema wazi, na mwili wangu ulijua kabla yake. Sina mali ya kugombaniwa, namshukuru Mungu kwa hilo. Cherehani ni ya Aline, maana ndiye pekee anayejua kuituliza ikianza ukorofi wake. Bustani ya nyuma, yale maharage na lengalenga, ni ya yeyote atakayekubali kuinama. Gari Vénérand alishalifanya lake siku nyingi, basi na liwe lake. Hayo yamekwisha. Kilichobaki ni kimoja, nacho ndicho kinachoninyima usingizi kuliko maumivu haya: nani atatupa udongo wa kwanza juu yangu.

Kwetu udongo wa kwanza hutupwa na mtoto wa kwanza, awe wa kiume au wa kike. Tulipomzika baba yenu kambini kule Kigoma, Elvire alikuwa hajafika hata miaka tisa, ikabidi mjomba wake amshike kiuno asije akatumbukia, lakini udongo wa kwanza ulitoka katika kile kiganja chake kidogo na hakuna aliyeuliza swali. Sasa juzi wazee wa kanisa wamekuja hapa nyumbani Toongabbie, huku ugenini, wakakaa kwenye kochi langu, wakanywa chai yangu, wakaniambia kwa upole kabisa kwamba watanizika vizuri, kwaya itaimba, vijana watabeba jeneza, ila Elvire aje kama mgeni, asimame nyuma, Cheryl asionekane kabisa, na udongo autupe Vénérand. Eti kwa sababu Elvire amefunga ndoa na Cheryl, mwanamke mwenzake. Nilikuwa bado natafuta pumzi ya kuwajibu, nikamsikia mwanangu Vénérand anasema, sawa, wazee, tumeelewa. Nani aliyeelewa, Vénérand? Mimi sijaelewa hadi leo. Elvire nilimzaa nikiwa sijui hata kumfunga mtoto mgongoni, umama wote nilijifunzia kwake, halafu wanataka nikalale ardhini bila mkono wake. Moyo umenivunjika, nasema wazi mbele yenu wote, umenivunjika na sitapata muda wa kupona.

Mtaniambia, Mama, si tulikuwa tunajiandaa kwa jambo jingine? Ndiyo, tulikuwa tunajiandaa kwenda kukaa chini Jumapili, kimya kimya, mbele ya ule ukumbi wa Granville tunaposalia, tangu walipomtoa Elvire kwenye kwaya na kumvua joho mbele ya watu. Wala haikuwa kwa ajili ya Elvire peke yake. Mle ndani wamo watoto wengine kama yeye, mimi nawajua, mama zao huja kunililia jikoni, na watoto hao huimba kila Jumapili huku wakiogopa hata kutazamwa usoni. Nilitaka wawaone watu wa kwao, wa lugha yao, wamekaa chini kwa ajili yao bila kurusha jiwe wala tusi, na nilitaka mimi ndiye niwe wa kwanza kukaa. Miguu imekataa. Basi mtakaa kaburini kwangu, na maandalizi ni yale yale.

Mnakumbuka siku rafiki zake Cheryl walipokuja kutufundisha hapo sebuleni. Walisema mmoja wetu ajifanye mtu mwenye hasira, atukane, ili wengine wajizoeze kukaa bila kujibu. Yule kijana wao akajaribu, maskini, akamwambia Elvire kwa adabu zake zote kwamba hafurahishwi na mwenendo wake. Tulicheka mpaka nikakohoa. Jamani, kwetu nani anatukana hivyo? Nikamwambia, nipishe, mwanangu, hii kazi si yako. Nikajiinua, nikajifunga kitenge kiunoni, nikamwambia binti yangu yale ninayojua atakuja kuambiwa: kwamba yeye ndiye ameniua, kwamba ugonjwa huu ni laana yake, kwamba baba yake angekuwa hai angemkana, kwamba tumbo langu linajuta kumbeba. Nilisema kwa sauti ya wazee wa kanisa na kwa kidole chao. Elvire alikaa, mikono juu ya magoti kama tulivyoelekezwa, machozi yanamdondoka kidevuni, na mimi nikaendelea, kwa sababu nilijiambia afadhali ayasikie kwanza kwa mtu anayempenda. Hapo ndipo Vénérand alipoingia kutoka kazini na sare yake ya ulinzi, akasimama mlangoni, akasikiliza, akainua mkono juu akasema, Amina, Mama!

Alidhani nimewaunga mkono wale wazee. Nilipomwambia kwamba ni mazoezi, uso ukamsawijika, akageuka akaondoka, na tangu siku hiyo hajaonja chakula cha nyumba hii. Sikulaumu kwa kuitikia, Vénérand. Tumelelewa hivyo sote, mtu akipaza sauti na kidole kikiwa juu, mdomo unasema Amina wenyewe. Ninacholilia ni jinsi ulivyofurahi, maana niliuona uso wako kabla haujabadilika. Ulifurahi kumsikia mama yako anamlaani dada yako, dada huyu aliyekubeba mgongoni njia nzima tulipokimbia, mimi nikiwa na mimba ya Aline.

Haya, shikeni ninayowaambia. Siku ya mazishi kuleni kwanza. Kambini, walipomfuta mjane mmoja kwenye mgao kwa maneno ya uzushi, sisi wanawake tulikaa chini mbele ya ghala mpaka akapewa unga wake, na jambo la kwanza kabla ya kukaa tulienda chooni sote. Cheka tu, Aline, lakini utanikumbuka. Vaeni soksi nzito, nyasi za makaburi ya Rookwood zina umande hata saa za mchana. Kitenge cha msiba kimeshashonwa, na Cheryl anacho chake, kitambaa kile kile cha mabinti wa nyumba hii, naye asikifunike kwa koti kwa kuogopa macho ya watu. Cheryl, mama, ukisukumwa usisukume. Atakayewapigia kelele mwacheni amalize, msimjibu, msimcheke, msimpige picha. Atakayetaka kuwakumbatia mkumbatieni, hata kama jana yake aliwasema. Na yule mzee wa kanisa, mkubwa wa wale waliokuja juzi, asitukanwe. Ndiye aliyetupokea uwanja wa ndege tukitetemeka na ndala zetu, akavua koti lake akanivisha mimi, akarudi kwake na shati tupu. Namheshimu mpaka leo, lakini hatanipangia mtoto wa kunizika.

Jeneza likishafika, Elvire asogee mbele. Wakimzuia, msivutane nao. Kaeni chini pale pale kwenye nyasi, Elvire, kisha Vénérand, kisha Aline, na Cheryl ubavuni kwa mke wake, mshikane mikono, na mimi mniache hapo juu, nisishushwe kaburini. Watu wa makaburi watakuja kuwaambia muda umekwisha. Waambieni kwa adabu kwamba mama yetu hana haraka. Wengine wataimba, watahubiri, watachoka, wataondoka. Ninyi kaeni. Kama Elvire hajatupa udongo wake, msinizike.

Vénérand? Vénérand, unakwenda wapi, si nimekuambia usitoke? Mwanangu. Aline, mwite... hapana, acha, usimkimbilie, asije akasema tulimburuta. Nasikia funguo zake. Analiwasha gari. Haya. Ee Mungu wangu, haya. Nilidhani nikiyasema yote mbele yake atakaa.

Elvire, usilie hivyo, unanitikisa mbavu. Nipe maji. Kidogo tu, yanatosha. Sogeeni, sauti inakwisha, sitaki kuhangaika na mtu anayeniuliza nimesema nini.

Mungu awape nyumba ambazo mtu hagongi mlango kwa woga. Aline, akupe mume au asikupe, ni shauri yake, lakini akupe usingizi mzuri. Cheryl, wewe ni mtoto wangu, nimekuzaa leo kwa mdomo huu, na hawa ndio mashahidi. Elvire... mkono uko wapi? Huu. Umekuwa wa baridi hivi kwa nini? Nimekubariki, mwanangu, nimekubariki tangu zamani, yale maneno ya sebuleni hayakuwa yangu. Unajua. Sema unajua.

Na Vénérand nambariki huko huko barabarani. Aendeshe polepole. Mwambieni Mama hakumlaani, hata kwa neno moja.

Siku hiyo mkikaa... msisogeleane. Pale kati ya Elvire na Aline acheni nafasi yake. Mtu asiikalie, hata mvua ikinyesha, hata wakisema jamani banan... bananeni kidogo. Atakuwa amesimama kule na wazee, ataiona. Iacheni kubwa. Ana mabega mapana, mtoto yule.