Subiri Kwanza: Dereva wa Bi Mkubwa Akabidhi Ufunguo

Ijumaa ijayo, tarehe thelathini, dereva wetu mkuu anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha kufulia kwa miaka thelathini na moja. Tunamwita dereva mkuu kwa heshima tu, maana kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa dereva peke yake. Jina lililo kwenye kitambulisho chake wengi wetu tumeshalisahau. Hata mlinzi wa getini, ambaye kazi yake ni kujua majina ya watu, humwita Mzee Subiri, na akiulizwa Subiri nani, huudhika.

Kwa mgeni atakayesoma ukurasa huu, sisi tunafulia hospitali. Shuka, foronya, magauni ya wagonjwa na vitambaa vya chumba cha upasuaji huingia hapa vichafu na kutoka vimekunjwa. Tukichelewa sisi, daktari anachelewa, na mgonjwa aliyekatazwa kula tangu jana anaendelea kulala na njaa yake. Ndiyo maana gari la kusambaza nguo kwetu si pambo. Gari lenyewe ni vani ya dizeli, nyeupe hapo zamani, iliyotufikia ikiwa imekwisha kutumiwa na watu wengine. Mzee Subiri ndiye aliyeipa jina la Bi Mkubwa. Mke wake hajalikubali jina hilo mpaka leo. Anasema yeye ndiye aliyeolewa kwanza, sasa inakuwaje huyu aliyekuja nyuma, tena mtumba, ndiye aitwe bi mkubwa?

Jina la Subiri lilitokana na kitaa kidogo cha njano kwenye dashibodi. Kila asubuhi Mzee Subiri huzungusha ufunguo nusu, kitaa kikawaka, naye akakunja mikono. Wapakiaji waliokwisha kupanga mabunda nyuma, na ambao wana haraka ya kwenda ili wawahi kurudi, huanza kugonga bodi. Yeye husema, "Subiri kwanza." Kitaa kikizimika, humwambia Bi Mkubwa "Shikamoo," ndipo anamalizia kuzungusha. Injini hukohoa, kisha hushika ule mlio wake wa ko-ko-ko, na mzee huitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa marahaba.

Tulidhani ni uvivu uliovalishwa koti la adabu. Alitueleza, si mara moja, kwamba injini ya dizeli haiwashwi kwa cheche kama ya petroli. Huwaka kwa joto na mbano, na asubuhi ya baridi hita lazima zipashe chumba kwanza. Ukiilazimisha kabla, unaimaliza betri na unamchosha mtu mzima bure. Mtu mzima, alisema, haamshwi kwa kupigiwa kelele.

Ila tukubali kwamba neno lile lilimzoea kupita kiasi. Ukimwuliza saa ngapi, subiri kwanza. Ukimwambia chai imemiminwa kikombeni, subiri kwanza. Mke wake anasimulia kwamba hata siku alipokwenda kuposa, baba mkwe alipomwuliza amekuja na shida gani, kijana alisema asubiriwe kwanza, akamaliza andazi lililokuwa mkononi. Baba mkwe alimpa binti kwa sababu ya mshangao, si kwa sababu nyingine.

Mengine aliyomfanyia Bi Mkubwa tuliyaona tukiyacheka. Alimwaga oili kabla ya siku yake kufika, akaisugua kati ya vidole viwili na kuitazama kwenye jua. Akitoka kupanda mlima na mzigo, hakuzima injini papo hapo. Aliiacha ingurume taratibu ipoe, na sisi tumekaa ndani, tumbo nalo likinguruma. Moshi aliusoma. Ukiwa mweusi, alisema Bi Mkubwa amelishwa kuliko anavyoweza kumeza. Ukiwa mweupe, ana baridi. Ukiwa wa bluu, anakunywa oili, na hapo chakula cha mchana kilimshinda.

Kisa cha foronya lazima kiandikwe, japo ameomba kisiandikwe. Mzee Subiri hakuwa na imani na dizeli ya mtu yeyote. Alisema maji na taka vikiingia kwenye pampu, utaimba wimbo wote mpaka kiitikio. Kwa hiyo aliichuja mwenyewe, na chujio lake lilikuwa foronya iliyochakaa, aliyoifua kwa mikono yake na kuianika nyuma ya chumba cha boila. Siku moja mwokota nguo, katika kujituma, aliianua pamoja na nyingine. Ikapigwa pasi, ikakunjwa, ikapanda Bi Mkubwa, ikashuka wodi ya wazazi. Asubuhi yake mama mmoja alimwambia muuguzi kwamba kitanda ni kizuri, hana neno, ila usiku kucha ameota yuko safarini, na kila akitaka kushuka anaambiwa bado.

Muuguzi mkuu alipiga simu. Msimamizi wetu akapita stoo nzima akinusa foronya moja moja, na Mzee Subiri akimfuata nyuma akisema pole. Tangu hapo foronya ya dizeli ilishonewa uzi mwekundu kwenye pembe, na kila mfanyakazi mpya hapa hufundishwa sheria hiyo kabla ya kuonyeshwa choo kilipo: uzi mwekundu hauendi wodini.

Mtani wake mkubwa alikuwa marehemu fundi wa boila, mume wangu mimi ninayeandika haya. Wawili hao walibishana miaka yote ni chombo cha nani chenye umri mkubwa na kiburi kingi. Mume wangu alisema boila lake halijawahi kusukumwa barabarani na wanaume sita. Mzee Subiri alijibu kwamba ni kwa sababu halijawahi kwenda popote. Hata hivyo, asubuhi za baridi kali, ndoo ya maji ya uvuguvugu ilikuwa tayari imewekwa karibu na gurudumu la mbele, kwa ajili ya kuongeza kwenye rejeta. Aliyeiweka hakusema, na aliyeikuta hakushukuru. Walikuwa hivyo.

Tulipomzika mume wangu, Bi Mkubwa ndiye aliyembeba. Mzee Subiri ni mtu anayegomba akikuta taa inawaka mchana, lakini siku ile aliiacha injini ikinguruma tangu tulipofika makaburini mpaka tulipoondoka, yeye amesimama kando, kiganja juu ya boneti. Shemeji yangu alimwuliza kwa nini anaunguza dizeli bure. Alisema marehemu amemcheka kwa kusukumiwa gari maisha yake yote, na kwamba leo hatampa nafasi hiyo.

Sasa tufike kwenye jambo lililotunyima raha mwaka huu. Meneja alitangaza kwamba siku Mzee Subiri akistaafu, Bi Mkubwa naye atauzwa kwa muuza vyuma chakavu. Hakusema kwa ubaya. Alisema gari linalomjua mtu mmoja ni la hatari kuliko gari bovu, maana bovu unajua ni bovu. Chai ya Mzee Subiri siku hiyo ilipoa mpaka ikafanya utando. Kesho yake alikwenda ofisini akaomba afundishe mtu. Meneja akakubali kwa sharti moja: kwa mwezi mzima kabla ya kustaafu, mtu huyo aendeshe, nguo zifike kila hospitali kila siku, na mzee asiguse kitu njiani. Siku moja ikikosekana, mwenye vyuma aje na winchi yake.

Kufundisha, kusema kweli, hakukuwa kipaji chake. Somo lake la kwanza lilikuwa subiri, na la pili lilikuwa hilohilo. Mpakiaji mmoja alishindwa siku ileile kwa kuzungusha ufunguo kitaa kikiwa bado kinawaka. Mtunza stoo alifika mbali kidogo, mpaka siku alipokanyaga mafuta hadi chini injini ikiwa ya baridi. Mzee Subiri alishuka garini, akaenda kukaa kwenye bunda la taulo, na mtunza stoo akarudi stoo.

Aliyefaulu ni Mama Pacha, mkunja shuka wetu, ambaye wengi hatukujua kwamba ana leseni na aliwahi kuendesha lori la kaka yake. Tulipomwuliza siri yake, alisema ameishi miaka tisa nyumba moja na mama mkwe. Unaamka, unaamkia, unatazama hali ya hewa, ndipo unaomba unachotaka. Hakuona tofauti.

Mwezi wa majaribio ulipoanza, Mzee Subiri alikaa kiti cha abiria akiwa amekalia mikono yake miwili. Wiki mbili zikapita salama. Wiki ya tatu, wakiwa na vitambaa vya upasuaji, Bi Mkubwa alipiga chafya, akapunguza mwendo, akazima katikati ya barabara. Haya tunayapata kwa mpakiaji aliyekuwa nyuma. Mzee alifungua mdomo, na Mama Pacha akamwambia, "Subiri kwanza, mzee." Alishuka, akafungua boneti, akalegeza skrubu ya kutolea hewa kwenye chujio, akabonyeza pampu ndogo ya mkono. Likatoka povu, likatoka povu, kisha dizeli safi isiyo na pumzi ndani yake. Akakaza. Akarudi kwenye usukani. Ufunguo nusu, kitaa, mikono imekunjwa, shikamoo. Bi Mkubwa akaitikia, na vitambaa vikafika daktari akiwa bado ananawa.

Hewa ilikuwa imeingilia kwenye nati ya chujio iliyoachwa bila kukazwa. Chujio hilo lilibadilishwa jioni ya kuamkia siku hiyo na Mzee Subiri mwenyewe, baada ya kumkataza kila mtu asilisogelee. Yeye anasema ulikuwa mtihani. Mama Pacha anauliza, kama ulikuwa mtihani, mbona mtahini ndiye aliyetoka jasho? Sisi wafanyakazi tumekaa tukakubaliana, kwa kura nyingi, kwamba ulikuwa mtihani.

Jana mwezi ulitimia, na hakuna siku iliyokosekana. Meneja alitoka nje, akamzunguka Bi Mkubwa mara moja, akasema anabaki. Mwenye vyuma chakavu, aliyekuwa akija kumpima kwa macho, amepigiwa simu asijisumbue. Mzee Subiri aliposikia, alisema ana vumbi jichoni, akaenda kukagua gurudumu lisilo na tatizo.

Mzee wetu, Ijumaa utampa Mama Pacha ufunguo. Tunaomba uuachie, usiushike upande mmoja kama ulivyofanya kwenye mazoezi. Mke wako ametuambia umepanga kufanya matembezi kila asubuhi kwa ajili ya afya, na kwamba njia uliyoichagua, katika njia zote, inapita getini kwetu saa ya kuwasha gari. Tumezungumza na mlinzi. Uingizwe, upewe kiti, upewe chai. Usipewe spana.

Zawadi yetu ni foronya mpya, iliyopigwa pasi na kila aliyetaka kuipitishia mkono wake. Hii si ya kuchujia dizeli. Ni ya kichwa chako. Tumeitia uzi mwekundu kwenye pembe, na sheria ya hapa unaijua: isiende wodini, na wewe usiende nayo.

Asante kwa kila shuka uliyoifikisha, na kwa yule uliyemsindikiza bila kumpa nafasi ya kucheka. Tunakutakia usingizi mnono na asubuhi ndefu. Jua likichomoza Jumatatu, usiruke kitandani.

Subiri kwanza.