Hiyo Bahari Tulivu Sisaini

Benchi letu liko ukutani mwa duka la kushonea la Tani Mbili, na sisi tunaokaa hapo hatumwombi mtu radhi. Wake zetu wameshatununia, askari wameshatufukuza, mvua imeshatupiga, na jioni inayofuata tupo. Mguu mmoja wa benchi ulipooza ukakatika, Nahodha, mwenye boti ya kuvusha watu, alileta kipande cha bomba nene la manjano alichookota majini, tukakichomeka, kikaenea kama kimepimwa. Mama Kahawa akakipaka rangi ya kijani kifanane na miguu mingine, akaweka jiko lake la mkaa pembeni yake, tukasahau habari hiyo. Sasa jioni moja Dada Namba alikuja amekunja uso. Huyu ni binti wa mtaani kwetu, ameajiriwa na ofisi inayopima mlango wa bahari tunaovuka kwenda ng'ambo. Vifaa vinaelea huko majini na kutuma vipimo kwa mtandao wa simu, naye anavipanga kwenye kompyuta. Alikaa, akaweka simu mapajani, akakataa kikombe. Hapo tukajua kuna jambo.

MAMA KAHAWA: Mwanangu, nani kakuudhi?

DADA NAMBA: Bosi. Anataka nisaini leo leo kwamba pale penye wembamba mkondo umelala. Nikisaini, gati inahamishiwa pale.

NAHODHA: Pale? Mimi pale mashine inalia nikiwa peke yangu, sembuse na abiria!

TANI MBILI (yuko mlangoni kwake, futi ya kupimia shingoni): Wanangu wanavuka kila siku kwenda shule.

DADA NAMBA: Ndiyo maana nimegoma. Kanipa mpaka ofisi ifungwe. Nisiposaini, kesho nisirudi.

NAHODHA: Usisaini!

DADA NAMBA: Sisaini. Nimeshamwambia usoni.

Profesa akakohoa. Alikuwa karani wa posta. Uprofesa kajipa mwenyewe, na hakuna aliyepata nguvu ya kumnyang'anya.

PROFESA: Lakini hivyo vipimo vyenyewe vinasemaje?

DADA NAMBA: Hapo ndipo panaponiuma, mzee. Kile kifaa cha pale kilikuwa kinasoma mkondo wa kutisha. Ghafla kikasoma sifuri, na sifuri ndiyo hiyo hadi leo. Halafu joto. Kila jioni maji yanapata moto wa kuogeshea mtoto mchanga, usiku yanapoa. Bosi anasema, namba za joto zifute, kifaa kina kasoro. Za mkondo ziache, ziko safi. Nikamwuliza, kifaa ni kimoja, kinakuwaje kizima upande unaokufaa na kibovu upande usiokufaa? Akasema nina mdomo.

MAMA KAHAWA: Unao, na uendelee kuwa nao.

Akapuliza mkaa, cheche zikaruka.

PROFESA: Mimi naona wazi. Chini ya maji kuna mlima wa moto. Unaamka jioni.

TANI MBILI: Mlima gani huo unaofuata saa za kazi?

NAHODHA: Hakuna cha mlima! Ni hao wa ofisini wenyewe. Wamezamisha mitambo, wanachemsha bahari ili mkondo ulegee.

PROFESA: Tangu lini maji ya moto yakalegeza mkondo?

NAHODHA: Wewe ukioga maji ya moto hulegei?

Tulicheka, hata Dada Namba alicheka kidogo. Tani Mbili akafunga duka lake, akaja, akajiachia kwenye benchi kwa uzito wake wote. Mbao zikalia, kahawa yangu ikanimwagikia suruali. Dada Namba akaishika simu yake.

DADA NAMBA: Hilo hapo! Kuna na hili. Kila jioni wimbi moja. Moja tu, kubwa, kisha kimya. Limepita sasa hivi.

PROFESA: Nyangumi! Anarudi jioni kachoka, anajitupa kitandani.

TANI MBILI: Mtu mzima na mvi zako, nyangumi ana kitanda?

PROFESA: Analala wapi basi, kwako?

NAHODHA (kasimama, kikombe juu): Acheni upuuzi! Kuna mtu kakichezea kifaa hicho. Yeyote yule, huyo anawauza watoto wetu. Nikimjua namburuta mbele ya ofisi nzima, wallahi, hata awe ndugu yangu wa tumbo moja!

Tukaunga mkono kwa kelele. Nami nilipiga goti langu, maana nilikuwa na hasira kweli.

Ndipo akaja mgeni, nywele zimelowa, begi la kuzamia begani. Akatusalimu, akaomba kahawa. Kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa, akachuchumaa kando ya jiko.

MGENI: Nimeletwa na ofisi ya upimaji, nimetoka kuzamia pale penye wembamba. Kifaa hakipo. Nimekuta kamba tu, imekatwa kwa kisu.

NAHODHA: Si nilisema!

Mgeni hakumsikia. Alikuwa anautazama mguu wa benchi. Akakwaruza rangi ya kijani kwa ukucha, ikatoka manjano.

MGENI: Samahani jamani. Mguu huu mliutoa wapi?

Mama Kahawa akalivuta jiko taratibu, akaliweka mbali. Tani Mbili akainuka kwa hofu. Dada Namba aliitazama simu, akamtazama Tani Mbili.

DADA NAMBA: Shemeji, kaa.

Akakaa.

DADA NAMBA: Inuka. Kaa tena.

Akainuka, akakaa, na simu ikaonyesha wimbi jingine.

DADA NAMBA: Mzee Profesa, nyangumi wako huyu hapa.

Safari hii hakuna aliyecheka.

MGENI: Nauliza tu. Nani aliikata kamba?

Nahodha alipeleka kikombe mdomoni. Kilikuwa kitupu tangu zamani. Alikunywa hewa, tukamwona. Leseni ya boti yake inatoka jengo lile lile la ofisi ya upimaji. Ana wake, ana watoto, ana mama mgonjwa. Sikuthubutu kumtazama usoni.

DADA NAMBA: Ofisi inakaribia kufungwa. Nikikipeleka peke yangu, bosi atasema nimekiiba ili nipate kisingizio. Ataniuliza kilitokaje majini. Nimjibu nini?

Mama Kahawa akainamisha birika, likatoa tone moja na masimbi ya kahawa.

Nahodha akaweka kikombe chini.

NAHODHA: Kamba ilinasa kwenye mashine yangu, nina abiria, mkondo unatuvuta. Nikaikata. Nilidhani ni takataka. Mwambie ni mimi. Au usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Inukeni! Tani Mbili, shika kule.

TANI MBILI: Tunalipeleka benchi zima?

NAHODHA: Zima.

PROFESA: Na leseni yako?

NAHODHA: Leseni waikunje waitie mfukoni. Huyo bosi atalikalia benchi hili mwenyewe, mbele yetu, aone kama bahari yake itatulia.