Vuai na Ngazi ya Ndege Nyeusi

Bwana Vuai Makame anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Machi 2026, baada ya miaka ishirini na tisa katika jumba letu la makumbusho hapa Croydon. Yote anayoyajua kuhusu ile ndege nyeusi ya vita nilimfundisha mimi, Naftali wa mlangoni, niliyewahi kuirusha.

Haya basi, sijairusha. Hata ngazi yake sijaipanda, magoti hayataki, na shuleni niliishia darasa la sita. Lakini mkewe, Mwatima, atausoma ukurasa huu, na yule mama hana huruma na waongo, kwa hiyo nimetubu mapema.

Ofisi imemwandikia wasifu wake wa Kiingereza ukurasa wa mbele wa jarida letu. Mistari minne. Wanasema alikuwa mtu wa kutegemewa, maneno ambayo ofisi humwandikia mtu isiyemkumbuka sura. Huu wa Kiswahili ni wetu sisi wa chini, wafagizi na walinzi, na Serah wa chumba cha chai, aliyenipa kalamu ili ninyamaze.

Vuai alikuja London kutoka Pemba na cheti cha ualimu. Hakuna aliyeomba kukiona. Wakampa ufagio na kitambaa, wakamwonyesha ndege, wakamwambia aifute vumbi asiguse kitu. Jamani, mtu anafutaje vumbi bila kugusa kitu? Mabwana wa aina hiyo ndio tuliofanya nao kazi.

Kwa wageni wa leo: wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege ndogo kama hii zilivuka bahari kwa mbalamwezi kupeleka majasusi Ufaransa, katikati ya Wajerumani. Rubani alitua shambani kwa mwanga wa tochi tatu, akashusha watu wawili, akapakia wawili wa kurudi, akaondoka. Dakika tatu tu. Wataalamu wetu wameandika vitabu vinene kuhusu dakika hizo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda ngazi na sanduku mkononi.

Vuai aliipanda kila siku na ndoo. Alipohamishiwa kuwaonyesha watoto wa shule, aliwafanyisha zoezi lenyewe na mabegi yao. Wa kwanza anashuka mikono mitupu. Wa pili anabaki juu, anamteremshia mizigo, anapokea ya wanaoondoka na kuipanga ndani, ndipo naye anashuka. Watoto wa Stratford walimaliza kwa dakika mbili na nusu. Walimu wao, dakika saba, na mmoja akaacha kiatu.

Si malaika, msinielewe vibaya. Anavaa koti Julai, anaweka sukari vijiko vitano, na ufagio mzuri huuficha hadi leo. Lakini kuna jambo alilolifanya, na ofisi haikuliweka katika mistari yake minne.

Kila Oktoba alikuja hapa bibi mmoja, Ann, sasa ana miaka themanini na minne. Baba yake, Ambrose, alikuwa jasusi wa pili katika safari moja ya ndege hizo. Ndege ile ilianguka baharini ikirudi na hakupona mtu, wala Ambrose hakuonekana tena popote. Kibao chetu ukutani kilisema Ambrose aliingiwa na hofu, akarudi ndani ya ndege, akafa akikimbia. Ushahidi? Mkulima mmoja aliyejificha nyuma ya ua alisema alimwona mtu wa pili akitokeza mlangoni na kurudi ndani, tena na tena. Bibi Ann aliandika barua miaka kumi na moja. Ofisi ilijibu zote kwamba suala linaangaliwa. Yeye akija aliitazama picha ya baba yake tu. Maandishi alikuwa ameacha kuyasoma.

Mwaka jana wakaamua kukichonga kibao kile kwenye shaba, kisibadilike tena. Vuai akaenda kuomba faili la safari ile. Wakacheka, wakampa. Akalisoma siku mbili, hata mlo akasahau, halafu akanijia mlangoni.

"Yakhe Naftali, huyu mkulima kasema asubuhi yake aliyakuta masanduku matatu majanini. Masanduku yana miguu?"

"Labda ya kizungu yanayo," nikamwambia.

"Na kasema injini iliponguruma alitoka mbio. Hakuona mwisho. Mtu huyu hakuwa akikimbia, alikuwa akishusha mizigo!"

Mkurugenzi wetu, Bwana Allan, hakushawishika. Alisema mambo haya yanataka utaalamu. Basi siku ya wageni wa heshima, Bibi Ann akiwemo, Vuai akamwomba kwa adabu zote za Pemba apande yeye mwenyewe, awaonyeshe wageni kazi ya jasusi wa pili. Bwana Allan anapenda kutazamwa. Akapanda na suti yake. Mimi nilishika ngazi, Serah akapokea masanduku.

Akatokeza na la kwanza. Akarudi ndani. Akatokeza na la pili, jasho linamtiririka, akarudi ndani, tukasikia kichwa kikigonga bati. Wakati huo huo mama mmoja aliyechelewa akaingia mlango wa mbali, asijue lolote, akauliza kwa sauti kubwa: "Mbona yule bwana anarudi ndani? Anaogopa kushuka?"

Vuai akamgeukia Bwana Allan. Na Bwana Allan, kichwa nje, sanduku la tatu kifuani, akaona aibu mpaka masikioni.

Kibao kipya kinasema Ambrose alibaki juu kushusha mizigo ya wenzake, na huenda alishuka salama. Hiyo "huenda" ni ya wataalamu, bila huenda hawapati usingizi. Bibi Ann alikisoma kwa sauti, polepole, mara mbili, akamshika Vuai mkono, hakuuachia mpaka tramu yake ilipokaribia.

Vuai, kwa niaba ya wote walioshika ufagio katika jumba hili, ahsante. Mola akupe afya, Mwatima akuvumilie mchana kutwa nyumbani, na koti lile likapumzike nalo.

Ila nakudai kitu kidogo. Niliishika ngazi ile dakika ishirini na magoti haya. Sasa ofisi imenipa mimi kuwaonyesha watoto ndege, na kundi la kwanza linakuja Jumanne ijayo, saa nne asubuhi. Lazima wataniuliza kama yule wa pili alishuka. Nitawaambia alishuka. Njoo usimame karibu yangu tu, uitikie.