Magdalene Wamboi wa Gachanja na Wanasesere Wake

Wazee wa kanisa, jamaa na majirani wa Gatongora na Makongeni, huyu ndiye tunayemsindikiza leo.

Marehemu Magdalene Wamboi alizaliwa Gatongora, Ruiru, mwaka wa 1913, kifungua mimba wa Mzee Wainaina. Mimi Zacharia, ninayewasomea, ni kitinda mimba, na mwanasesere wake wa kwanza alinishonea mimi. Alikata shuka la baba bila ruhusa, akajaza maharagwe. Nilimsahau nje wiki nzima ya mvua, na nilipomkumbuka alikuwa ameota, majani mawili yamechomoza tumboni. Nililia sana. Dada alichapwa mara mbili, kwa shuka na kwa maharagwe, na bado alikuwa akicheka.

Alisoma shule ya misheni tangu 1923 hadi 1928, akabatizwa Krismasi ya 1926. Darasa la kushona lilitaka vitambaa vya meza vyenye maua. Yeye akapeleka mwanamke wa kitambaa cheusi, kichwa kimenyolewa, mtoto mgongoni. Alipewa alama ya mwisho, na kazi yenyewe akaja nayo nyumbani kwa maringo.

Tarehe 3 Machi 1934 alifunga ndoa na Bedan Gachanja, mfanyakazi wa shamba la kahawa Ruiru. Bedan ni mtu mpole. Alizoea kukaa chini kwa sababu kiti kilikuwa na watu wa kitambaa. Rafiki yake Kaleli, wa Ngoliba, ndiye aliyewaletea magunia ya nyuzi mbovu za mkonge za kuwajazia wanasesere, na maharagwe yakaachwa kwa sufuria.

Kazi yake ilikuwa na sharti moja. Kwetu mtoto huitwa jina la nyanya yake, na msichana akipewa mwanasesere na Wamboi, ilibidi ampe jina vivyo hivyo. Asiyetaja jina hakupewa.

Mwaka wa 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ilituhamishia sote katika kijiji kipya. Agosti 1955 uvumi ukaenea kwamba matumboni mwa wanasesere wake mna barua za watu wa msituni. Mkuu wa kijiji, Mzee Kagwe, akaamuru wote waletwe uwanjani Jumatatu, wapasuliwe, kisha wachomwe. Kukipatikana hata kipande cha karatasi, mshonaji angefungwa. Nakiri mbele yenu kwamba mimi nilimshauri awachome mwenyewe mapema na aape kutoshika sindano tena. Aliniuliza kama nimekula, akaendelea kushona.

Jumatatu alikwenda na kikapu cha wanasesere aliowakusanya kwa wasichana wote. Mzee Kagwe alichukua wa juu kabisa, akatoa kisu, akauliza ana nini tumboni. Dada hakuwa mjinga. Alijua vizuri ni mwanasesere wa nani aliyemweka juu.

"Mpasue, uone," alisema. "Lakini kwanza muulize mtoto wako, huyu anaitwa nani."

Binti ya Kagwe, wa miaka sita, alikuwa amesimama kando ya mama yake. Akasema, "Ni Wakonyo. Ni cucu."

Nyanya yake huyo Wakonyo alikuwa mama mzazi wa Kagwe, naye alikuwa amemzika mwaka uliotangulia. Kagwe alimgeuza yule mwanasesere mara mbili, kisu mkononi, na sisi sote tukitazama kama ataweza kumpasua mamake tumbo. Hakuweza. Alikikunja kisu, akampa binti yake mwanasesere, akasema kwa sauti ya chini, "Rudisheni hawa watoto kwao." Hapo nilijivunia dada yangu kuliko siku nyingine yoyote, na nilijionea aibu.

Mwaka wa 1956 Bedan alipata kazi kiwandani Thika, wakahamia Makongeni. Huko Wamboi alifundisha wanawake wa kila kabila. Wilkister Ajwang, jirani yake, alishona mzee mwenye kofia ya manyoya akampa jina la babu yake, na dada akasema sasa amepata mwenzake. Kwenye maonyesho ya Thika ya 1957 walipewa kadi ya mshindi wa kwanza. Waamuzi walitaka kuinunua familia nzima ya kitambaa; akawaambia watoto hawauzwi, kadi akaichukua.

Mwezi wa Februari mwaka huu alianza kuugua figo. Vidole vilivimba, binti yake akawa anamtungia uzi. Aliaga dunia Ijumaa, tarehe 14 Agosti 1959, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na sita.

Ameacha mume wake Bedan, binti zake Wakiuru na Nyambura, mwanawe Gitau, na mimi ndugu yake.

Jana nilipitia Makongeni kuchukua nguo zake. Ajwang na wenzake walikuwa wameketi nje mchana kweupe, milango wazi, wanashona. Askari wawili walipita. Hakuna mwanamke aliyeficha kitu chini ya leso. Askari mmoja alisimama, akaulizia mwanasesere wa binti yake, na Ajwang akamuuliza mama yake mzazi yeye askari anaitwa nani.

Ulishinda, dada. Mungu akulaze pema.