Nestori Salvator Ntirampeba, Mtu wa Seti Moja

Mchungaji, wazee wa kanisa, mwenyekiti wa mtaa, wakwe zetu mliotoka Kabungu, na nyie vijana wa vyuma mliosimama kule nyuma kwa kuwa viti vimewaishia, familia imenituma niwasomee maisha ya ndugu yetu, na imeniagiza nisome yote, hata yale ambayo wengine wangependa yazikwe pamoja naye.

Marehemu Nestori Salvator Ntirampeba alizaliwa tarehe 9 Agosti 1976 katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, mtoto wa nne wa Mzee Salvator na Mama Joséline, waliovuka kutoka Burundi mwaka 1972 wakiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, wakafyeka pori, wakalima mahindi na muhogo mpaka pori likawa nyumbani. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Katumba kuanzia mwaka 1985 hadi 1991, akafaulu, lakini nafasi ya sekondari haikupatikana, na mwaka 1994 akaja Mpanda mjini kujifunza kuchomelea vyuma katika karakana moja ya Makanyagio, kazi aliyoifanya hadi mauti yalipomkuta, na mageti mengi mliyopita leo kuja hapa ni ya mkono wake.

Mwaka 2001, barabara ya kwenda Sitalike ilipokuwa ikikarabatiwa, alifahamiana na fundi mitambo mmoja kutoka Mbeya aitwaye Danford, ambaye alikuwa amefanya mazoezi ya kutunisha misuli Dar es Salaam kwa miaka mingi, naye ndiye aliyemfundisha mtindo uliobishaniwa sana Marekani tangu miaka ya sabini, kwamba mtu akishapasha mwili joto afanye seti moja tu, yaani mzunguko mmoja wa kunyanyua, kwa kila msuli, polepole, bila kudanganya, mpaka chuma chenyewe kikatae kupanda, halafu aende nyumbani akale, alale, na asirudi mpaka mwili uwe umejijenga upya. Wapo waliochukua mataji kwa mtindo huo, na wapo walioucheka, na hapa Mpanda walioucheka walikuwa wengi zaidi, kwa sababu vijana wa wakati ule walishinda kwenye vyuma kutwa, kila siku, na waliamini kwamba asiyefanya hivyo ni mvivu.

Nestori alichomelea vyuma vyake mwenyewe, akajaza zege kwenye makopo ya rangi, akatengeneza mashine ya kusukuma kwa miguu kutokana na mabaki ya trekta, akafungua jimu nyuma ya karakana, na mtu akimaliza seti zake akitaka kuongeza, alimfungulia mlango na kumwambia, "Umeshamaliza, unataka kumwonyesha nani? Nenda kale."

Tarehe 14 Juni 2003 alifunga ndoa na Helena, binti wa Mzee Felisiani wa Kabungu, na ndoa hiyo haikuja kirahisi, maana Mzee Felisiani, ambaye yupo nasi hapa mbele na ameturuhusu tuseme, alimjibu mshenga mbele ya watu, "Binti yangu hawezi kuolewa na mkimbizi, tena mkimbizi anayenyanyua vyuma wakati wenzake wananyanyua majembe." Helena alimwambia baba yake kwamba kama si Nestori basi hataolewa, akaacha kula kwa baba yake, akahamia kwa shangazi, hadi mzee akalegea. Mungu aliwajalia watoto watatu, Emelyne, Fredrick na Queen.

Mwaka 2006 yalitangazwa mashindano ya kutunisha misuli hapa mjini, Nestori akajiandaa mwaka mzima, akafika, akajipaka mafuta, na akiwa amesimama kwenye mstari akaitwa pembeni na kuulizwa uraia wake, akaambiwa, "Nyie wa Katumba hamshindani hapa, vaa shati." Alivaa shati, akapanda baiskeli, akarudi nyumbani, na Helena anasema hiyo ndiyo siku pekee aliyomwona akilia, akilia kwa hasira, kwa sababu alizaliwa kwenye udongo huu huu na hakujua mwingine.

Hakuacha. Kwa miaka minane aliendelea na seti yake moja, asiwe na pa kuionyesha, na Novemba 2014 alipokea cheti chake cha uraia, na Septemba 2015 yalipoitishwa mashindano ya mkoa alipanda jukwaani akiwa na miaka thelathini na tisa, katikati ya vijana ambao wangeweza kuwa watoto wake, akapata nafasi ya pili, na familia haioni haya kuitaja nafasi hiyo. Mshereheshaji alimpa kipaza sauti na kumwuliza anafanya mazoezi saa ngapi kwa siku, naye akajibu, "Kwa siku? Nafanya mara mbili kwa wiki, nusu saa." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, naye akasubiri kiishe, akasema, "Chekeni. Mimi nimesimama hapa."

Baada ya hapo jimu ilijaa, wakaja akina mama wenye migongo mibovu, akaja Emelyne mwenyewe, na waliosema msichana hanyanyui vyuma walijibiwa na baba yake kwamba msichana huyo huyo hubeba ndoo na kuni tangu ana miaka saba na hakuna aliyewahi kulalamika. Mwaka 2019 Mzee Felisiani magoti yalipomlegea hata akashindwa kuinuka kwenye kiti, Nestori alikwenda Kabungu kwa pikipiki kila Jumamosi, akamkalisha na kumsimamisha polepole, mara chache tu, mpaka miguu itetemeke, kisha akamwacha apumzike wiki nzima, na Pasaka iliyofuata mzee aliingia kanisani kwa miguu yake.

Juni 2024 marehemu alianza kuumwa tumbo, macho yakawa ya njano, akapelekwa Mwanza, akakutwa na saratani ya kongosho. Yamesemwa mengi mitaani, kwamba vyuma ndivyo vimemuua, kwamba alijidunga sindano za kukuza misuli, na sisi tunasema hapa mbele ya jeneza lake kwamba hakuwahi kujidunga, na daktari alitamka wazi mbele ya Helena kwamba ugonjwa huo haukuletwa na vyuma. Mwili ulipokwisha, ndugu tulimshauri avae mikono mirefu ili watu wasimseme, akakataa, akaenda sokoni na singlendi yake ile ile, na tulipomlaumu akatujibu, "Ulikuwa mwili wangu ulipojaa, na ni mwili wangu ulivyokonda. Nimfiche nani?"

Alifariki Jumatano tarehe 12 Machi 2025, saa nane mchana, hospitalini hapa Mpanda, mkono wake ukiwa mkononi mwa Helena, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane. Ameacha mjane, watoto watatu, mama yake mzazi na wakwe wanaomlilia kama mtoto wao wa kumzaa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza na Mpanda, waliomweleza ukweli na kumtuliza maumivu, majirani wa Makanyagio mliopika na kukesha nasi, mafundi wenzake mliouchomelea msalaba huu bila kuombwa, Mchungaji na kwaya, na kila mmoja wenu ambaye hatukuweza kumtaja.

Tangazo la mwisho la familia ni kwamba Jumatatu jimu itafunguliwa kama kawaida, mwenye ufunguo ni Emelyne, na mwenye neno la kusema juu ya hilo anakaribishwa aje alisemee pale, akiwa amebeba chuma.

Nestori, mwana wa Salvator na Joséline, upumzike kwa amani ya Kristo, sisi tupo.